Kaseti ya Saa Sita

Aghalabu chombo cha kusomea kinachotumiwa na asiyeona husifiwa kwa wema wa nia ya waliokiunda, na sifa hiyo, ingawa ni haki yao, hutusahaulisha kazi yenyewe ilivyofanywa. Maana kila chombo cha namna hiyo kimejengwa kwa kuacha jambo moja ili lipatikane jingine, na yatupasa tuulize kila mara ni nani aliyetwishwa mzigo wa kile kilichoachwa, mashine au msikilizaji.

Mwaka 1934, American Foundation for the Blind, iliyokuwa chini ya uongozi wa Robert Irwin, mtu aliyepoteza nuru ya macho yake tangu utoto, ilitoa vitabu vya kusikiliza katika santuri zilizozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, wakati ambapo santuri za muziki zilizouzwa madukani zilizunguka mara 78 na kumaliza upande mmoja kwa dakika nne au tano tu. Upande wa santuri hiyo mpya ulichukua kadiri ya dakika 15, na riwaya ya kawaida ikahitaji santuri zipatazo 20. Waingereza walipoanza mwaka uliofuata, wakipewa hima na Ian Fraser, askari aliyepofushwa vitani, walithubutu zaidi: walishusha mwendo hadi mizunguko 24, upande mmoja ukachukua dakika 25, na riwaya ikaenea katika santuri 10. Lakini santuri ikizunguka polepole, sindano hupita masafa mafupi kwa kila nukta, na zile sauti nyembamba zinazotenganisha s na f hufifia, hasa sindano inapokaribia katikati ambako duara ni dogo. Muziki haungeustahimili upungufu huo. Kisomo cha mtu mmoja mwenye matamshi safi kiliustahimili, na kwa rai yangu Waingereza walipima vema, kwa kuwa nusu ya uzito wa furushi ilikuwa faida kwa mpeleka barua na kwa mzee aliyelipokea mlangoni.

Hikima iyo hiyo, ikasukumwa mbali zaidi, ndiyo iliyozaa kaseti ambayo Library of Congress ya Marekani iliisambaza kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970. Kaseti ya kawaida ya dakika 90 hupita kwa kasi ya inchi moja na thumuni saba, yaani karibu inchi mbili kwa sekunde. Mafundi waliikata kasi hiyo nusu, kisha wakaugawa upana wa utepe katika njia nne, kila njia ikabeba sauti peke yake badala ya mbili kuungana kwa ajili ya muziki. Dakika 90 zikawa saa sita. Hesabu hii ni ya kupendeza, lakini tuitazame kwa vidole vya msikilizaji: upande wa kwanza ukiisha, aligeuza kaseti, wa pili ukiisha, aligeuza tena, na safari hii ilimlazimu asogeze swichi ndogo ya kuchagua njia, kisha ageuze mara ya mwisho. Aliyesahau swichi alirudishwa mwanzo wa hadithi aliyokwisha kuisikia. Hapa basi mzigo ulimwangukia msikilizaji, ingawa nakiri kwamba ulikuwa mwepesi kuliko ule wa santuri 20.

Lililonistaajabisha katika kaseti hizo ni namna ya kutafuta sura. Msomaji alipofika mwanzo wa sura au ukurasa, ulirekodiwa pamoja na sauti yake mngurumo mzito sana, ambao kwa mwendo wa kawaida haukumsumbua mtu. Lakini utepe ulipokimbizwa huku ukigusa kichwa cha kusomea, mngurumo huo ulipanda ukawa mlio dhahiri, na msikilizaji akahesabu milio hata akafika sura aitakayo. Hakukuongezwa kitufe hata kimoja wala bei haikupanda.

Jambo jingine lililoambatana na umbo hilo ni la sheria. Kaseti ya njia nne ikitiwa katika redio kaseti ya dukani ilitoa makelele ya haraka yasiyofahamika, na hilo liliwatuliza wenye hakimiliki. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ikaja kuruhusu nakala bila idhini yao, mradi ziwe katika maumbo maalumu kwa wasioona. Sitaki kuipamba hali hiyo: kitabu kilipatikana, lakini aliyekipokea hakuweza kukisikiliza kwa chombo cha jirani yake.

Zama za tarakimu zilipowadia, maktaba nyingi zilikimbilia sidii, ambayo moja huhifadhi zaidi ya saa 40 za kisomo. Library of Congress ilisubiri bei ya kumbukumbu isiyo na kitu kizungukacho ishuke, na mwaka 2009 ikatoa mashine yake. Walioilaumu kwa kuchelewa wana hoja, lakini mimi nauona utulivu ule kuwa ustadi. Kibweta chake cha plastiki kina tundu la kukivutia kwa kidole, hakikwaruziki, na kwa kawaida kitabu kizima hukaa ndani ya kimoja, hivyo kugeuza kukaisha. Betri nayo hudumu hadi saa 29. Vitufe ni vikubwa, vya maumbo yanayotofautiana, na kibweta kisipokuwamo, kitufe kikibonyezwa hujitaja kazi yake.

HumanWare wa Quebec walishika njia nyingine mwaka 2007 kwa Victor Reader Stream, chombo cha mfukoni chenye vitufe vya tarakimu vilivyopangwa kama vya simu: 2 na 8 huchagua ngazi, iwe sehemu, sura au ukurasa, na 4 na 6 hurudi na kwenda mbele katika ngazi hiyo. Mwanafunzi wa sheria anayetaka kifungu fulani cha kitabu kikubwa hawezi kuridhika na chini ya hapo, ilhali bibi anayetaka hadithi kabla ya kulala hana haja na ngazi. Maktaba ile ya Marekani ililikabili suala hili kwa kutoa mashine mbili, moja sahili, na ya pili iliyoongezewa vitufe vya kuruka sura na kuweka alama, bila ya kumlazimisha asiyevihitaji avipapase kila usiku.