Mgombea Binafsi: Haki ya Raia au Hiari ya Bunge?

Katika makala haya tunaipima hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ya tarehe 17 Juni 2010, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila juu ya mgombea binafsi. Mlalamikaji alifariki mwaka 2015, lakini swali aliloliacha lingali hai: je, haki iliyoandikwa katika Katiba ni mali ya raia, ama ni hiari ya Bunge?

Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba raia aweza kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Ni kweli kwamba Ibara za 39 na 67 zilimtaka mgombea awe mwanachama. Lakini Ibara ya 21 ilimpa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na Ibara ya 20 ilikataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Masharti yalipovutana, Jaji alichagua tafsiri inayompa raia nafasi. Sisi tunaofasiri Maandiko twajua kwamba fungu moja halisomwi peke yake. Kwa hiyo njia hii twaiona kuwa sahihi.

Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge lilipitisha Marekebisho ya Kumi na Moja, yaliyoiweka Ibara ya 21 chini ya sharti la uanachama. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliyakataa marekebisho hayo. Majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakaitengua hukumu hiyo, wakisema kwamba mahakama haiwezi kuitangaza ibara ya Katiba iliyotungwa kwa utaratibu halali kuwa ni kinyume cha Katiba, na kwamba suala lenyewe ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge.

Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Jaji hakuchaguliwa na wananchi. Akijipa mamlaka ya kufuta maneno ya Katiba, nani atamzuia? Lakini mlalamikaji alilalamikia tendo la Bunge lenyewe, ambalo wabunge wake wa kuchaguliwa wote waliingia kwa tiketi za vyama. Wahenga walisema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Tena, ni haki gani ya kiraia isiyogusa siasa? Katika hukumu ileile ya 1994, Jaji Lugakingira alibatilisha sharti la kibali cha mikutano ya hadhara. Hilo nalo liligusa siasa, lakini halikuacha kuwa suala la sheria.

Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba katazo hilo lavunja Mkataba wa Afrika. Basi jambo lililoitwa la kisiasa lilipata jibu la kisheria. Hata hivyo, chaguzi za 2015 na 2020 zilifanyika bila mgombea binafsi, na mwaka 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu raia kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja.

Mahakama ya Rufani ingeweza kuitaka Serikali ithibitishe ulazima wa kumfunga raia kwa chama, kisha ikaupima uthibitisho huo. Kupima huko si kutunga sheria. Ni kazi ya hakimu. Raia aliyeambiwa haki yake ni siasa ameondoka mahakamani bila kusikilizwa.