Moshi na Mkondo wa Upepo: Uhakiki wa Kiikolojia wa Picha za Kiwanda cha Shaba cha Lubumbashi

Miongoni mwa picha zilizotundikwa katika sebule za wafanyakazi wa Lubumbashi miaka ya 1970, picha ya kiwanda ilikuwa na nafasi yake: dohani ndefu, moshi, na kilima cheusi cha takataka za tanuri. Uhakiki umezoea kuisoma kama kumbukumbu ya kazi na ya dola. Johannes Fabian, aliyerekodi kwa Kiswahili masimulizi ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu kuhusu takriban picha mia moja za historia ya nchi, alichangia sana kuifungua njia hiyo. Usomaji huo una uzito, lakini unaacha swali moja: moshi ule ulielekea wapi?

Tanuri la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Upepo mkuu wa huko huvuma kutoka kusini mashariki. Kwa hiyo gesi ya salfa na vumbi la shaba, kobalti na risasi vilipelekwa kaskazini magharibi. Upande huo miombo ilikufa, na ardhi ikabaki na nyasi chache zinazostahimili shaba. Mtaa wa Penga Penga uko katika njia hiyo ya moshi.

Katika picha, moshi hupamba anga bila kumgusa mtu. Kumlaumu mchoraji kwa upofu, hata hivyo, ni kukosa shabaha. Kwa mnunuzi wake, dohani inayofuka ilimaanisha mshahara na posho ya unga. Gécamines, iliyozalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 60,000 mwaka 1993. Hewa ilipata nafuu. Nyumba zikapata njaa. Ndiyo maana kitabu cha Donatien Dibwe dia Mwembu cha mwaka 2001 kinawaita wana wa shaba walioachwa na baba yao.

Sitiari hiyo ya baba inahitaji kukamilishwa. Baba huyo aliacha urithi: shaba haiozi udongoni, na bustani za mboga za leo hulimwa juu yake. Uhakiki unaosifu kumbukumbu ya mshahara bila kufuata mkondo wa upepo unahesabu nusu tu ya mirathi.