Bustani ya jangwani huanza na hesabu ya maji

Mtu aliyezoea mashamba ya Unguja au Tanga, akiingia mara ya kwanza kwenye mitende ya Birkat al-Mawz nchini Oman, chini ya mlima wa Jabal Akhdar, huweza kudhani amefika mahali pa mvua nyingi. Juu makuti ya mitende yamefunga anga. Chini yake kuna migomba, mindimu, mipera na miembe, na chini kabisa majani ya mifugo mabichi kabisa. Lakini nchi hiyo hupata mvua ya wastani wa milimita 100 hivi kwa mwaka, na joto la kiangazi katika mabonde ya ndani hupita nyuzi 45. Bustani ile imesimama kwa sababu watu wake wanajua kuchagua, na utaratibu wao wa kuchagua nauheshimu sana.

Kwanza huhesabiwa maji, kisha ndipo mti unapotajwa. Maji huja kwa falaji, yaani mfereji unaoyatoa mlimani au chini ya ardhi na kuyashusha hadi shambani kwa nguvu ya mteremko peke yake, bila pampu. Falaji zinazotumika Oman hadi leo ni takriban 3,000, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano kwenye Urithi wa Dunia. Mojawapo ni Al-Khatmeen, inayonywesha Birkat al-Mawz, ambako maji yake hugawanywa katika mikondo mitatu iliyo sawa. Kutoka hapo kila mwenye shamba ana zamu yake. Kwa desturi zamu huhesabiwa kwa nusu saa, na wazee waliipima kwa kivuli cha kijiti mchana na kwa nyota usiku.

Mkulima anayejua zamu yake hujiuliza swali moja: mwaka wa ukame nitabakiwa na maji kiasi gani? Miti ya kudumu hupandwa kwa jibu la swali hilo. Ardhi iliyo karibu na mwanzo wa mfereji hupewa mitende na miti ya matunda. Ardhi ya mwisho, iitwayo awabi, hupewa ngano, vitunguu na thomu. Mvua ikiwa njema, awabi hulimwa yote. Ukame ukija, huachwa tupu. Kinachopotea ni zao la msimu mmoja, na mti uliolelewa miaka kumi unabaki hai. Kabla ya kupanda chochote wameshaamua ni kipi kitakachoachwa kwanza siku ya dhiki, na hapo ndipo ninapouona ubora wa kazi yao.

Mti wa kwanza kuchaguliwa ni mtende, nao haukuchaguliwa kwa utamu wa tende tu. Unastahimili jua kali na chumvi ya udongo kuliko karibu miti yote ya matunda, mradi mizizi ipate maji. Joto refu na hewa kavu ndivyo vinavyoivisha tunda lake. Mvua au unyevu mwingi wakati wa kuiva huliharibu. Mnazi una tabia tofauti. Unapenda hewa ya unyevu, na ndiyo maana ndani ya Oman hiyohiyo mashamba ya minazi yako Salalah, kusini, ambako upepo wa khareef huleta manyunyu na ukungu kati ya Juni na Septemba.

Hata ndani ya mitende kuna kuchagua. Naghal huwahi kuiva, khasab huchelewa, kwa hiyo nyumba yenye zote mbili hula tende mbivu kwa muda mrefu. Khalas hupendwa kwa kula na kwa kumkaribisha mgeni pamoja na kahawa. Fardh huhifadhika vizuri, na mwishoni mwa karne ya 19 iliuzwa hadi Marekani. Mabsali huvunwa ikiwa bado ngumu na ya manjano, huchemshwa kwenye masufuria makubwa, kisha huanikwa juani. Soko lake la zamani ni India. Shamba zuri huchanganya aina hizi kwa mahitaji ya nyumba na ya soko.

Uchaguzi wa mche nao una ukali wake. Kokwa la tende huota kwa urahisi, lakini halitegemewi: karibu nusu ya miche yake huwa madume yasiyozaa, na majike hayafanani na mama. Kwa hiyo huchukuliwa chipukizi linalotoka kwenye shina la mtende unaojulikana, likiwa limeshatoa mizizi yake. Fundi hufukua udongo taratibu hadi aone pale chipukizi liliposhikana na mama, hulitenga kwa mapigo machache ya chuma kikali, hupunguza makuti na kuyafunga pamoja. Kwenye shimo huliweka shina ndani na kuacha moyo wa mche juu ya kiwango cha maji. Maji yakituama kwenye moyo huo, mche huoza. Kisha huufunika kwa gunia au makuti dhidi ya jua na kuunywesha mara kwa mara mpaka utoe kuti jipya.

Mtende mkubwa ukishatoa kivuli, ndipo miti laini huletwa chini yake. Mgomba, ambao majani yake huchanwa na upepo mkavu, hupata hifadhi. Mndimu na mwembe hupunguziwa ukali wa jua, lakini yote miwili haipendi chumvi, hivyo hupandwa palipo na maji matamu. Mkomamanga na mtini huvumilia zaidi, na huweza kupewa sehemu duni kidogo. Pembeni, pasipo na zamu ya maji, huachwa mkunazi. Mizizi yake hujitafutia, nyuki huufuata kwa maua yake, na majani yake ni yaleyale ambayo Waislamu, wa huko na wa pwani yetu, huyatumia kuoshea maiti.

Panda gari kutoka Birkat al-Mawz hadi Saiq, juu ya Jabal Akhdar, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na orodha nzima inabadilika. Huko mtende hauna joto la kuivishia. Wenyeji wamepanda mikomamanga, mipichi, miaprikoti na mijozi, pamoja na mawaridi ya kutengenezea marashi. Mipichi na miaprikoti inahitaji baridi ya kutosha ndipo ichanue vizuri, na mlima unaitoa bure.

Utaratibu huu ukivunjwa, gharama yake ni kubwa. Kwenye pwani ya Batinah, hukohuko Oman, pampu zimevuta maji ya visima kuliko mvua inavyoyarudisha. Maji ya bahari yakaingia chini ya ardhi, na mashamba mengi yameharibiwa na chumvi. Huko huko, tangu miaka ya 1970, ugonjwa unaoenezwa na wadudu umeua mindimu kwa wingi. Aliyekuwa na mindimu mitupu alipoteza kila kitu. Mwenye shamba mchanganyiko alibaki na cha kuanzia.

Kwa hiyo wewe unayetaka kupanda kwenye nchi kavu, iwe Turkana ambako mitende tayari inazaa au kwingineko, usianze na orodha ya matunda unayoyapenda. Pima maji yako ya mwaka mbaya. Jua chumvi yake. Tanguliza mti wa kivuli, kisha mti laini, na uchukue mche kwa mama unayemfahamu. Orodha itakayobaki itakuwa fupi, na ndiyo itakayokuzalia.