Jino Moja la Gia: Mita ya Mishindio na Ujira wa Mfumaji

Mfumaji wa pamba wa Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19 hakulipwa kwa siku wala kwa saa. Alilipwa kwa kitambaa alichokishusha. Kwa kawaida alisimamia mashine nne kwa pamoja, na wiki ilipokwisha ujira wake ulitegemea mambo mawili makuu: urefu wa majora na wingi wa mishindio iliyofumwa ndani yake. Urefu unaonekana. Taabu ni mishindio. Mtande ndio uzi unaokaa kwa urefu, mshindio ndio unaokatisha kwa upana, na kila mshindio mmoja unapopita mashine imezunguka mara moja kamili. Kitambaa chenye mishindio 60 kwa inchi kinamla mfumaji muda maradufu ya chenye mishindio 30, ingawa vyote viwili vikitandikwa mezani vina yadi 100 zilezile. Basi kudai ujira wa haki kulikuwa ni kudai hesabu ya nyuzi, na nyuzi zenyewe ni nyembamba, zimebanana, na katika jora moja zinazidi laki mbili. Kile kifaa kidogo chenye magurudumu ya tarakimu kilichokuja kufungwa kwenye mashine, ambacho hapa nitakiita mita ya mishindio, hakikuvumbua hesabu hiyo, kwani ilikuwepo tayari na ilikuwa nzuri. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba mita iliihamisha hesabu kutoka daftari la ofisini, ikaileta ubavuni mwa mashine, mbele ya macho ya aliyefanya kazi, na kwamba uhamisho huo ulikuwa na uzito kuliko usahihi wowote ulioongezeka.

Tuanze na hesabu yenyewe. Miji ya Lancashire ilikuwa na orodha za bei tangu zamani. Ile ya Blackburn ni ya 1853. Mwaka 1892 waajiri na vyama vya wafumaji wakakubaliana juu ya orodha moja ya kutumika kotekote kwa nguo za kawaida. Orodha hiyo ilichukua nguo moja kuwa kipimo: upana wa inchi 39 hadi 41, nyuzi 60 za mtande kwa inchi, mishindio 15 kwa kila robo inchi, urefu wa yadi 100. Bei yake peni 30. Nguo nyingine yoyote ilipandishwa au kushushwa bei kwa asilimia kulingana na upana, ubanano wa mtande na unene wa uzi. Msomaji wa pwani anaijua nguo ya aina hii: ni ndugu wa merikani, lile jora ghafi lisilopaushwa lililotoka viwanda vya Massachusetts na kuzagaa Zanzibar na bara katika karne hiyohiyo. Sasa tazama kilichojificha ndani ya namba. Peni 30 kwa mishindio 15 ni peni 2 kwa kila mshindio wa robo inchi. Yadi 100 ni inchi 3,600, yaani robo inchi 14,400. Kwa hiyo mshindio mmoja katika kila robo inchi, jora zima, ni mishindio 14,400, na bei yake ni peni 2. Nguo ya kipimo ina mishindio 216,000. Orodha ilizungumza lugha ya yadi na robo inchi, lakini ukiikamua, biashara iliyokuwa ikifanyika ni kuuza mizunguko ya mashine kwa peni 2 kila mizunguko 14,400. Miaka mingi kabla mita haijawa kitu cha kawaida, wazo lake lilikwisha kukaa ndani ya mkataba.

Je, nani alijua mishindio ni mingapi? Mtu angeweza kuchukua lenzi, aiweke juu ya kitambaa na kuhesabu. Lakini kitambaa kilichovutwa kwenye mashine si kile kilicholegezwa mezani: kikishushwa kinanywea, nyuzi zinasogeleana, na hesabu inapanda. Leo kuna unyevu, kesho hewa kavu, jibu ni tofauti. Watunga orodha walilikwepa tatizo hili kwa busara kubwa. Walisema mishindio itatafutwa kwa hesabu ya gia zinazovuta kitambaa, kisha iongezwe asilimia moja na nusu kwa ajili ya kunywea. Mfano wa gia hizo ni huu. Kila mshindio husukuma jino moja la gia yenye meno 50. Kwenye ekseli hiyohiyo pana gia inayoweza kubadilishwa, nayo inaizungusha gia ya meno 120. Iliyoambatana na hiyo ni gia ndogo ya meno 15, inayoizungusha ya meno 75 iliyoko kwenye rola yenye mzingo wa inchi 15. Zidisha 50 kwa 120 kwa 75, gawanya kwa 15, kwa 15 tena, na kwa 4 ili upate robo inchi: unabaki na 500. Ongeza asilimia moja na nusu, unapata takriban 507. Namba hiyo ikigawanywa kwa meno ya gia ya kubadilishwa, jibu ni mishindio kwa robo inchi. Gia ya meno 25 inatoa kama 20.3.

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Tuseme mfumaji ameambiwa kuwa gia iliyofungwa ni ya meno 25, kumbe ni ya 24. Mishindio halisi ni 21.1, si 20.3. Tofauti haifiki mshindio mmoja. Jicho haliwezi kuiona na kidole hakiwezi kuihisi. Lakini kwa peni 2 kila mshindio, mfumaji anapoteza takriban peni 1.7 katika kila yadi 100, na kabla ya kuzipoteza amefanya kazi ya ziada ya asilimia 4. Jino moja. Halikuhitaji mwajiri mwovu. Fundi aliyechukua gia isiyo yake asubuhi yenye haraka alitosha. Urefu nao ulikuwa na mlango wake, kwa sababu alama za kuonyesha mwisho wa jora zilipigwa kwenye mtande kabla haujafika kwa mfumaji, na aliyezipiga ni upande wa mwajiri.

Vyama vya wafumaji vilijibu kwa njia ambayo naiona kuwa moja ya mafanikio makubwa ya elimu katika historia ya wafanyakazi: viliajiri makatibu kwa mtihani wa hesabu. Sidney na Beatrice Webb, katika kitabu chao cha 1897 juu ya vyama vya wafanyakazi, walieleza jinsi waombaji wa kazi hiyo walivyoketishwa na kupewa maswali ya bei za nguo, asilimia juu ya asilimia, kana kwamba wanatafuta uhasibu. Katibu aliyefaulu alikwenda kiwandani, akakagua gia, akakokotoa, akamwambia meneja palipokosewa. Lakini katibu hawezi kukokotoa asichokijua. Ndiyo sababu sheria ya viwanda ya 1891 ilimtaka mwajiri ampe mfumaji maelezo ya kazi kwa maandishi, pamoja na kiwango cha malipo, na mmoja wa makatibu wenyewe, Thomas Birtwistle, akateuliwa kuwa mkaguzi wa serikali wa kusimamia kifungu hicho. Kwa maneno mengine, kulihitajika orodha, chama, mtihani, sheria na mkaguzi ili mtu aliyesimama mbele ya mashine aweze kujua mashine hiyo imezunguka mara ngapi.

Mita ilifanya kazi hiyo kwa magurudumu machache. Kwa asili ni ndugu ya kifaa cha kuhesabia maili kwenye baiskeli, kile alichokitengeneza Curtis Veeder huko Marekani mwaka 1895. Kampuni yake, baada ya kuungana na ya Root mwaka 1928, ilikuja kuuza mita za viwanda vya nguo. Ndani ya mita gurudumu la kwanza lenye tarakimu 0 hadi 9 likimaliza mzunguko, pini moja hulisukuma la pili hatua moja, la pili hulisukuma la tatu, na kuendelea. Kwa kuwa mashine inayopiga mishindio 200 kwa dakika ingelichakaza gurudumu la mwanzo upesi, kwanza huwekwa gia za kupunguza, na tarakimu inayoonekana huhesabu mamia au maelfu. Sura yake hufunikwa kwa kioo, kasha hufungwa. Angalia kinachotoweka: gia ya kubadilishwa haina tena umuhimu kwa ujira, wala alama za mtande. Ikifungwa ya meno 24 badala ya 25, kitambaa kitakuwa kizito zaidi na jora litachelewa kwisha, lakini kila mzunguko umeandikwa. Urefu na ubanano, vitu viwili vilivyopimwa mbalimbali na kuzidishwa karatasini, vimekuwa namba moja isiyohitaji kuzidishwa na mtu.

Mtu anaweza kusema kwamba nimehamisha udanganyifu tu, kwa kuwa mita nayo ina milango yake. Ni kweli, na mlango mkubwa upo mahali mita inaposhikiziwa. Ikishikizwa kwenye ekseli kuu, inahesabu kila mzunguko, hata ule ambao uzi wa mshindio umekatika na mashine imekwenda hatua mbili tatu bure kabla ya kujizima. Mfumaji hurudisha mashine nyuma kwa mkono ili autafute mshindio uliokatika, na hapo mita iliyotengenezwa vizuri hurudi nyuma pamoja naye. Iliyotengenezwa vibaya hubaki ilipo, au husonga mbele. Ikishikizwa kwenye gia za kuvuta kitambaa, inahesabu tu kile kinachosogeza nguo. Chaguo hilo linaonekana kuwa la fundi, na kwa haki lilipaswa kuwa kifungu cha mkataba, maana ndilo linaloamua nani anabeba gharama ya uzi kukatika. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mlango huu na ule wa gia. Mita inayopotoka hupotoka mbele ya watu: mfumaji anaweza kuizungusha mashine mara kumi kwa mkono na kusoma. Jino la gia liliweza kugunduliwa na katibu tu, siku atakayokuja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mita inaipima mashine, haimpimi mtu. Uzi mbovu, uliosokotwa kwa pamba hafifu, hukatika ovyo. Kila unapokatika mashine husimama, na mashine iliyosimama haihesabu. Mfumaji anahangaika kuunga nyuzi, anatoka jasho zaidi kuliko siku ya uzi mzuri, na mita inamwandikia kidogo. Haya yote ni kweli, lakini orodha ya 1892 ilikuwa na kasoro ileile: nayo ililipa kitambaa kilichofumwa, si mikono iliyounga nyuzi. Tofauti ni kwamba mita inaacha ushahidi. Mashine ya mishindio 200 kwa dakika, kwa wiki ya saa 48 iliyoanza Lancashire mwaka 1919, ingepiga 576,000 bila kusimama hata mara moja. Mita ikionyesha 460,800, hiyo ni asilimia 80. Ukiletwa mtande mpya na namba ikashuka hadi asilimia 65 kwa mfumaji yuleyule, hoja ya uzi mbovu haitegemei tena neno la mfumaji dhidi ya neno la meneja. Ushahidi huo, bila shaka, unaweza kusomwa kutoka upande wa pili pia. Wasimamizi wa Lancashire walilipwa sehemu ya mapato ya wafumaji walio chini yao, na tabia ya kuwasukuma waliobaki nyuma ilikuwa malalamiko ya muda mrefu. Mita inayosomeka kwa mfumaji inasomeka kwa msimamizi vilevile, tena kila saa. Sioni njia ya kuikana gharama hii. Ninachosema ni kwamba msukumo ulikuwepo kabla ya mita, ila mfumaji aliyesukumwa alikuwa hana namba ya kujitetea.

Inabaki bei. Januari 1931 waajiri waliwafungia wafumaji milango kwa sababu ya mpango wa kuwapa mashine nyingi zaidi ya nne, na 1932 kukawa na mgomo mkubwa. Anayesimamia mashine sita anapiga mishindio mingi, na mwajiri akataka bei ya kila mshindio ishuke. Hapa mita haina la kusema: inajua ngapi, haijui kwa bei gani. Kilichoizuia bei isiporomoke ni sheria ya 1934 iliyoruhusu orodha iliyokubaliwa kupewa nguvu ya kisheria kwa waajiri wote, waliokubali na wasiokubali. Wapo wanaolitumia jambo hili kudai kwamba kifaa hakikuwa na maana, kwani vita vya kweli vilikuwa vya bei. Naona wanakosea mpangilio wa mambo. Orodha yenye nguvu ya sheria inamlazimisha mwajiri alipe peni kadhaa kwa mishindio kadhaa. Nusu ya sentensi hiyo ni bei, nusu ni hesabu, na atakayeshindwa kuipunguza bei atajaribu hesabu.

Kuna hali moja ambayo orodha ya yadi haikuwa na jibu lake hata kidogo, nayo ni zamu. Mashine ikifanya kazi mchana na usiku, jora moja linaanzwa na mtu mmoja na kumalizwa na mwingine, na alama ya mwisho wa jora haijui ilipopita saa ya kubadilishana. Kwa hiyo mita za viwandani zikatengenezwa zenye nyuso mbili au tatu, kila zamu na uso wake, na wenzo mmoja wa kuhamisha hesabu. Kengele inapolia, anayeondoka anasoma namba yake na kuiandika, anayeingia anausogeza wenzo, na jora linaendelea kufumwa bila kukatwa.