Kurekebisha kwa Kuondoa

Msomaji, umezoea kuhakiki mashairi, tamthilia na riwaya. Leo nakuomba tuhakiki kazi ya fundi. Kazi yenyewe ni ndogo, ilitendwa mwezi wa Septemba mwaka 2020, na mtendaji wake ni Linus Torvalds, ambaye mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alianzisha Linux. Linux ni kiini cha mfumo wa kompyuta: programu ikaayo kati ya mitambo na programu nyingine zote, ikigawa kumbukumbu, ikipokea herufi za kibodi na kuandika katika kioo. Simu za Android, zilizo mikononi mwa watu wengi hapa Kenya, hutumia kiini hicho. Maandishi ya programu hii hayakufichwa. Kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa kwa kufuata masharti ya leseni yake; basi yaweza kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote.

Kabla ya picha na madirisha kuenea katika kompyuta, mtu alizungumza na mashine kwa maandishi matupu. Kioo cha kawaida cha namna hiyo kilikuwa na mistari 25, na kila mstari ulichukua herufi 80. Mstari wa 26 ulipokuja, wa kwanza ulisukumwa juu ukatoweka. Linux ilikuwa na dawa ya upotevu huo. Mistari iliyotoweka iliwekwa akiba katika kumbukumbu, na mtu aliyebonyeza Shift pamoja na Page Up aliweza kuirudisha na kuisoma. Akiba hiyo tutaiita ukurasa wa nyuma.

Kasoro ilikuwa katika hesabu. Ukurasa wa nyuma ulipimwa kwa ukubwa fulani wa kioo. Ukubwa huo ulipobadilishwa kazi ikiendelea, hesabu za kale ziliweza kubaki, na kiini kikaandika nje ya mipaka ya akiba yake. Mfikirie karani mwenye daftari la kurasa 50, naye ameamriwa kuandika katika ukurasa wa 60: kalamu yake itaangukia daftari la jirani. Ndani ya kiini, daftari la jirani laweza kuwa na mambo ambayo uhai wa mashine nzima unayategemea. Kwa hiyo kosa la kioo liliweza kuiangusha kompyuta. Wala haikuwezekana kukanusha kabisa kwamba mtu mwenye nia mbaya angelitumia kujipatia mamlaka yasiyo yake.

Kasoro moja ya jamii hii ilikuwa imekwisha kuzibwa mwaka ule ule. Walakini, ziba hiyo iliwafanya watu watazame kwa makini zaidi, wakakuta nyingine, katika sehemu ya kioo cha kale na pia katika sehemu mpya zaidi ichoroyo herufi kama picha. Torvalds hakuendelea kuziba. Aliufuta ukurasa wa nyuma katika sehemu zote mbili, na toleo la 5.9, lililotolewa Oktoba 2020, likatoka bila huo. Kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, aliandika maelezo ya tendo lake. Alisema kwamba sehemu ile haikuwa na mtunzaji; kwamba yamkini haikuwa na watumiaji tena; kwamba angeiondoa aone kama kuna atakayegutuka; na kwamba akipatikana mtumiaji aliye tayari kuitunza, yaweza kurudishwa. Akatia na mzaha juu ya watu ambao bado hawajaamini kwamba madirisha na picha vimekuja kukaa.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kufuta kwaweza kuwa ufundi. Mlango usio na mlinzi, tena wenye bawaba mbovu, hauifai nyumba ikaliwayo na watu wengi, hata kama wawili watatu huupenda kwa sababu unafupisha njia. Kitu kisichokuwapo hakina kasoro ya kuzibwa. Tena Torvalds hakutenda kwa siri: aliandika sababu zake mahali ambapo kila mtu angeweza kuzisoma na kuzipinga.

Hoja yake ya pili, hata hivyo, ni dhaifu. Alipima haja kwa kimya. Mtu ambaye chombo chake chamtii hana sababu ya kupiga kelele. Haja ya ukurasa wa nyuma huonekana hasa siku ya msiba, mashine inaposhindwa kuwaka sawasawa. Mstari utajao chanzo cha tatizo huja kwanza. Kisha mistari ya matokeo yake hufuata kwa wingi na kuusukuma nje ya kioo. Mwenye kompyuta ya pili aweza kuunganisha waya na kupokea huko maandishi yote. Mwenye moja tu hubaki akikodolea macho matokeo, chanzo kimekwisha kupita. Huyu ndiye aliyefanyiwa mzaha, na mzaha wa mwenye kalamu ya kufutia huchoma kuliko mzaha wa jirani.

Linganisha jambo hili na lingine. Katika kioo hicho hicho cha maandishi iliondolewa pia njia ya kutumia nguvu za chombo cha picha ili kusogeza mistari upesi, na mashine za kale zikaathirika. Mwaka 2022 mhandisi mmoja alijitolea kuitunza sehemu ile ya vioo iliyokuwa imeachwa yatima, na njia ile ikarudishwa, ikawa hiari kwa aitakaye. Ukurasa wa nyuma haukurudi pamoja nayo. Kasoro zake, bila shaka, zilikuwa zimeutia doa. Lakini nionavyo mimi, tofauti iliyo kubwa ni kwamba njia ile ilipata mtu wa kuibeba.

Basi hukumu yangu ni hii. Tendo la Torvalds lilikuwa halali na la busara, lakini maelezo yake yalipungukiwa na huruma. Ukimsikia mtu akisema kwamba kitu fulani hakitumiwi na yeyote, muulize ni nani aliyeulizwa. Nawe, ukikipenda kitu cha watu wote, kiwe programu, maktaba au kisima, usitosheke na ruhusa ya kukitumia. Tafuta kujua ni nani akitunzaye; na ukikuta hayupo, jifunze kazi hiyo kabla hajaja mwenye kukifuta.