Binti wa Nani? Uhakiki wa The Night Masquerade, Kitabu cha Mwisho cha Nnedi Okorafor juu ya Binti

Kitabu tunachokihakiki hapa kimeandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi wake, Nnedi Okorafor, ni Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1974 na wazazi Waigbo kutoka Nigeria. Hata hivyo kinamhusu mwalimu wa Kiswahili tangu jaladani, kwa sababu shujaa wake anaitwa Binti. Kitabu cha kwanza, Binti, kilitoka mwaka 2015 na kikapata tuzo mbili kubwa za bunilizi za kisayansi, yaani Nebula na Hugo. Cha pili, Binti: Home, kilifuata mwaka 2017. Cha tatu na cha mwisho, Binti: The Night Masquerade, jina ambalo tunaweza kulifasiri kuwa Kinyago cha Usiku, kilichapishwa Januari 2018, na mwaka 2019 kikawa miongoni mwa vitabu vilivyoshindania tuzo ya Hugo. Hicho cha tatu ndicho tunachokusudia kukipima.

Hoja yetu ni kwamba kitabu hiki kinalijibu vizuri swali lililomo ndani ya jina la shujaa wake, lakini kinalipunguzia uzito jibu hilo kwa haraka yake ya kufuta msiba.

Hadithi yenyewe

Binti ni msichana wa Kihimba, kabila la kusini mwa Afrika linalojulikana kwa kujipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Katika kitabu cha kwanza, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, anatoroka nyumbani usiku na kupanda chombo cha angani kwenda kusoma katika chuo kikuu cha Oomza, kilicho katika sayari nyingine. Njiani chombo kinavamiwa na Meduse, viumbe laini wenye minyiri mirefu kama konyeza wa baharini. Wanafunzi wenzake wote wanauawa. Yeye anapona na kuleta suluhu, lakini nywele zake zinageuka kuwa minyiri kama ya wale waliowaua wenzake. Katika kitabu cha pili anarudi nyumbani pamoja na Okwu, rafiki yake wa Kimeduse, na huko anajua kwamba kwa upande wa baba yake ana damu ya Enyi Zinariya, watu wa jangwani ambao Wahimba huwadharau.

Kitabu cha tatu kinaanzia pale cha pili kilipokatikia. Binti anatoka jangwani pamoja na kijana aitwaye Mwinyi, anakuta nyumba yao imechomwa na Khoush, majirani wenye nguvu waliomfuata Okwu, naye anaamini kwamba jamaa zake wameteketea ndani. Vita vya kale kati ya Khoush na Meduse viko mbioni kuanza tena katika ardhi ya Wahimba, watu ambao hawana ugomvi na upande wowote. Binti anawaomba wazee wa baraza la Wahimba waje wasimame pamoja naye, walete amani kwa nguvu ya mila zao. Wazee wanaahidi kuja, na siku ya siku hawaji. Binti anasimama peke yake, anasema, na pande zote mbili zinakubali. Kisha silaha zinafyatuliwa, na Binti anauawa katikati yao.

Maudhui

Katika Kiswahili neno binti halijitoshelezi. Tunasema Siti binti Saad, tunasema Mwana Kupona binti Mshamu. Neno lenyewe ni kiungo, na kila likitajwa peke yake msikilizaji husubiri neno linalofuata. Okorafor amelichukua neno hili la kiungo na kulifanya jina kamili la mtu. Kwa msomaji wa Kiingereza, Binti ni jina geni la Kiafrika basi. Kwa msomaji wa Kiswahili ni swali: binti wa nani?

Vitabu vitatu vyote vinalizunguka swali hilo. Katika cha kwanza Binti ni wa Wahimba, na kosa lake machoni pao ni kuondoka. Katika cha pili anagundua ukoo ambao hakuambiwa. Katika cha tatu, baada ya kuuawa, mwili wake unabebwa na chombo kichanga kiitwacho New Fish kwenda kuzikwa katika pete za sayari ya Zohali. Chombo hicho ni kiumbe hai, na vijiumbe vidogo vilivyomo ndani yake vinauhuisha mwili wake. Anaamka akiwa Mhimba, Enyi Zinariya, Meduse, na sasa pia sehemu ya chombo, ambacho hawezi kwenda mbali nacho. Jibu la mwandishi ni kwamba mtu anaweza kuwa binti wa wengi bila kuacha kuwa binti wa kwao, ila kila ukoo unaoongezeka una masharti yake.

Swali hili si la vitabuni tu kwa sisi tunaofundisha kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Wamo vijana waliozaliwa hapo hapo, ambao nchi wanayoandikiwa katika karatasi hawajaiona kwa macho. Kijana wa namna hiyo akiulizwa kwao ni wapi, jibu lake ni refu kuliko nafasi aliyoachiwa katika fomu. Binti wa Okorafor angemwelewa.

Dhamira ya pili ni ya wazee. Wahenga wamesema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Kitabu hiki kinatupeleka mahali ambapo wazee walikuwepo, wakajua, wakaahidi, kisha wakakaa nyumbani. Maneno ya Binti yalikuwa ya kweli na yalikubaliwa, lakini nyuma yake hapakuwa na watu wa kuyashikilia, na amani isiyoshikiliwa na watu haikudumu hata kwa saa moja. Hapa mwandishi amefikia kilele cha kazi yake. Hadithi nyingi za vijana humfanya shujaa kijana aokoe kila kitu peke yake, na msomaji hupiga makofi. Hii inaonyesha ushujaa wa mtu mmoja, halafu inaonyesha gharama ya kuachwa peke yake.

Kasoro inaanzia baada ya kilele hicho. Nusu ya kwanza ya kitabu inabeba msiba mkubwa: nyumba imeungua, jamaa wamepotea, na Binti anatembea akiwa na majivu moyoni. Kisha Mwinyi anagundua kwamba jamaa wote wako hai, wamehifadhiwa na mizizi ya mti wa kale ambayo nyumba ilijengwa juu yake. Muda si mrefu baadaye Binti naye anafufuka. Misiba miwili mikubwa kuliko yote inafutwa mmoja baada ya mwingine.

Nilisimulia kitabu hiki kwa Kiswahili, sura baada ya sura, mbele ya madarasa mawili: moja la vijana wa sekondari mjini Mbarara, na jingine la watu wazima wa Nakivale. Vijana wa Mbarara walivutwa zaidi na chombo hai, wakataka kujua kinakula nini na kinazaaje. Wale wa Nakivale waliuliza kwanza kwa nini wazee hawakuja, na hakuna aliyeona jambo hilo kuwa la kubuni. Tulipofikia kuonekana kwa jamaa, darasa liligawanyika. Mwanamume mmoja alisema kwamba hadithi imeharibika hapo, maana nyumba ikichomwa na watu wakiwa ndani, hawatoki. Mama mmoja alimpinga. Alisema kwamba wapo watu waliowalilia ndugu zao miaka mingi, kisha wakapata habari kwamba wako hai katika kambi nyingine.

Kwa maoni yangu mama yule alikuwa na haki, na neno lake limeisaidia hukumu hii. Jamaa kupatikana hai si uongo wa kisanaa, kwa kuwa hutokea. Lakini kwa wale waliopatwa na jambo hilo, kupatikana ni kazi ndefu: mtu aliyeomboleza lazima ajifunze upya kuishi na yule aliyemwomboleza, na pengine aone haya kwa kuwa alikwisha kata tamaa. Okorafor hakuiandika kazi hiyo. Habari ya uhai wa jamaa inamfikia msomaji wakati Binti mwenyewe ni maiti, na Binti anapoamka anaipokea kama habari iliyokwisha tokea. Hivyo tunapewa furaha bila kupewa njia ya kuifikia. Mwandishi aliyetusubirisha kwa ustadi pale wazee walipokuwa wakingojewa, hapa ameshindwa kutusubirisha.

Fani

Lugha ya kitabu ni nyepesi na sentensi zake ni fupi, jambo linalomfaa msomaji kijana. Binti ndiye msimulizi, lakini baada ya kifo chake usimulizi unahamia upande wa Mwinyi. Badiliko hilo ni la busara, kwani linamfanya msomaji aone pengo: sauti aliyoizoea kwa vitabu viwili na zaidi imekoma, na mgeni ndiye anayetazama.

Jina la Mwinyi nalo ni letu. Mwinyi kwa asili ni mwenye, yaani bwana wa mahali, kama alivyoitwa Mwinyi Mkuu wa Unguja. Katika kitabu hiki Mwinyi hamiliki kitu. Kipawa chake ni kusikilizana na wanyama na mimea, na anaiacha ardhi yake kumfuata Binti. Kinyago cha usiku chenyewe kimetoka katika mila za Waigbo, kwao wazazi wa mwandishi, kikavishwa Wahimba wa kubuni. Msomaji asikichukue kitabu hiki kuwa maelezo ya mila za Wahimba halisi wa Namibia. Mwandishi amechanganya majina na desturi za pande nyingi za Afrika, na uhuru huo ni haki ya bunilizi, maadamu mwalimu anawaeleza wanafunzi wake.

Kwa mwenye nia ya kutafsiri, neno gumu kuliko yote ni lile la kazi ya Binti. Yeye hufanya vitu na watu viafikiane kwa kutumia hesabu. Msuluhishi ni finyu, kwa maana huja baada ya ugomvi. Mpatanishi linakaribia zaidi, na lina faida moja kwetu: tunafundisha upatanisho wa kisarufi kila siku, ambapo nomino huvifanya viambishi vya sentensi nzima viifuate. Mwanafunzi anayejua kwamba sentensi huharibika kiambishi kimoja kikikataa kupatana ataielewa kazi ya Binti haraka.

Kufaa kwake darasani

Kitabu hiki hakisomeki vizuri peke yake. Lazima viwili vya mwanzo vitangulie. Kwa kuwa vyote ni vifupi, mwalimu anaweza kuvisimulia kwa muda wa muhula mmoja, nusu saa kila juma. Vifo ni vingi, na mwalimu anayefundisha watu waliokimbia vita awaeleze mapema yanayokuja, awape ruhusa ya kutoka nje anayetaka kutoka.

Kwa zoezi la utungaji, napendekeza sura ambayo mwandishi hakuiandika: siku ambayo Binti, akiwa na minyiri kichwani na chombo chake kikimsubiri karibu, anaketi tena na mama yake aliyekwisha mlilia. Mama amwite kwa jina lake, kisha mwanafunzi aamue ni neno gani litakalolifuata.