Harry Caul alivunja nyumba yake bure

Wandugu, wengi wetu tumeangalia La Vie des autres. Wachache wameangalia Conversation secrète ya Francis Ford Coppola, ile ilipata Grand Prix ku Cannes mwaka 1974. Mimi naona hii ya zamani ndiyo inatuhusu zaidi, juu iko inaonyesha ugonjwa wetu: tukiona kamashini kageni, tunasema kanatusikiliza.

Harry Caul (Gene Hackman) ni fundi wa kunasa sauti za watu kwa siri, huko San Francisco. Karibu na mwisho simu inalia: anaambiwa wanamsikiliza, kisha anasikilizishwa saksofoni aliyotoka kupiga yeye mwenyewe. Basi anaanza kutafuta. Anashusha mapazia, anafungua simu, anafungua taa. Anafika ku sanamu ya Bikira Maria, anasita, halafu anaipasua. Mutupu. Anang'oa mbao za chini, anachana karatasi za ukuta. Hakuna kitu. Anaikala katikati ya ule uharibifu, anapiga saksofoni.

Watu wanabishana mpaka leo: mikro ilikuwa wapi? Ndani ya mukaba wa saksofoni? Yale mabishano yananichosha. Coppola alishatuonyesha mbele: Moran, mshindani wa Harry, anamchomekea biki ya bure mfukoni, na ndani mwake kuna mikro. Usiku, ku feti, maneno ambayo Harry alimwambia mwanamke mmoja kwa siri yanasikilizishwa mbele ya wote. Fundi mzima hakuitambua, juu haikuwa ya ajabu. Ilikuwa zawadi.

Sisi watu wa agronomia hiyo tunaijua. Weka shambani kipima mvua chenye betri na antena, utaulizwa kinatumia nani habari. Na sisemi watu ni wajinga. Mahali vita imekaa miaka, kuogopa antena ni akili. Ila simu iko mfukoni mwa yule anayeuliza, ile inajua alilala wapi, haiulizwi kitu.

La Vie des autres (2006) inaliwaza mno: Ukuta wa Berlin unaanguka, Dreyman anavuta nyaya toka ukutani, anazishika mkononi. Kumbe kuna kitu inaonyesha vizuri kushinda Coppola: juu ya dari kuna watu wanapokezana zamu, na mashini ya kuandikia. Kifaa cha kusikiliza kinadai umeme na mtu wa kupokea. Kwa hiyo mbele ya kuvunja antena, uliza: nani anakuja kuchukua ile habari, na anaipeleka wapi? Mwenye kipima mvua anaweza kufungua daftari mbele ya chifu, millimita kwa millimita. Mwenye biki hawezi.

Kasoro ya Coppola: wanawake wake hawana uzito, na katikati filme inakokota. Lakini muongeze sauti, juu kazi ya Walter Murch upande wa sauti haina mfano.